SOMO LA AFYA: MKOJO UNAOCHOMA NA DAWA ZA MITISHAMBA



Je, ukienda haja ndogo mkojo unachoma? Unakwenda mara kwa mara na unatoka kidogo tu? Una harufu kali? Hizo ni dalili za ugonjwa wa njia ya mkojo. Mara nyingi huletwa na vijidudu vinavyotoka katika choo kikubwa. Wanawake huugua zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi, kama sentimita 4. Ya mwanamume hufikia sentimita 20.

DAWA ZA WAZEE
Wengi wetu tumenyweshwa maji ya ndevu za mahindi au ya mchaichai. Maji hayo huongeza mkojo, na mkojo mwingi husaidia kusafisha kibofu. Si vibaya kuyanywa, ikiwa yamechemshwa vizuri na mahindi hayakupigwa dawa ya wadudu. Lakini hayatoshi kuua vijidudu. Maumivu yakipungua, usidhani umepona.

USIFANYE HIVI
- Usiingize majani, ndimu wala unga wa dawa ukeni. Vinaunguza na kuleta vidonda.
- Mama mjamzito, usinywe mizizi ya kienyeji.
- Usinunue vidonge vya rangi mbili sokoni.

NENDA ZAHANATI BILA KUCHELEWA
Nenda ukiwa na homa, kutapika, maumivu ya ubavu au damu katika mkojo. Vijidudu vikipanda hadi kwenye figo vinaweza kuua. Damu inaweza pia kuwa kichocho. Wajawazito, watoto na wanaume wasingoje kabisa: mjamzito asipotibiwa anaweza kuzaa kabla ya wakati. Mweleze muuguzi mitishamba uliyokunywa, usimfiche. Ukipewa vidonge, vimalize vyote hata ukijisikia nafuu.

KINGA
- Kunywa maji safi mengi, wala usibane mkojo. Akina mama wengi hawanywi maji jioni kwa kuogopa kwenda chooni gizani. Weka ndani ndoo yenye mfuniko, uimwage chooni asubuhi.
- Jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, na wafundishe mabinti.
- Kojoa baada ya tendo la ndoa.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Maji ya ndevu za mahindi yanasaidia nini, na hayawezi nini?
2. Katika mtaa wenu, nani wanaogopa kwenda chooni usiku? Mtawasaidiaje?