Sera za Vyuo Vikuu kuhusu Akili Mnemba: Suala la Ushahidi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza swali moja linalojitokeza katika sera za vyuo vikuu kuhusu akili mnemba: je, ni haki kumwadhibu mwanafunzi kwa ushahidi wa mashine? Swali hili lilipata uzito baada ya programu ya ChatGPT kutolewa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022. Hoja yetu ni kwamba sera inayoegemea programu za utambuzi humdhulumu hasa mwanafunzi anayeandika kwa lugha ya pili.

2.0 Kutoka Marufuku hadi Masharti

Baadhi ya vyuo vilianza kwa kupiga marufuku. Februari 2023 Chuo Kikuu cha Hong Kong kilizuia kwa muda matumizi ya programu hizo, lakini kabla ya mwaka huo kwisha kilikuwa kimeyaruhusu. Julai 2023 vyuo 24 vya Russell Group nchini Uingereza vilikubaliana juu ya kanuni tano, mojawapo ikitaka ufundishaji na upimaji virekebishwe ili kuzingatia matumizi yanayofaa. Hata hivyo, kila sharti huhitaji njia ya kumbaini anayelivunja, na hapo ndipo penye utata.

3.0 Udhaifu wa Programu za Utambuzi

Katika wizi wa maandishi, mtahini huweza kuweka mezani matini iliyoibwa. Programu ya utambuzi haina matini ya kulinganishia. Aghalabu hukadiria tu jinsi maneno yanavyotabirika. Hivyo, mwandishi mwenye msamiati finyu na miundo ya kawaida hufanana na mashine. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa kazi ya mashine. Mwezi Julai mwaka huohuo, kampuni ya OpenAI iliiondoa programu yake ya utambuzi kwa sababu ya usahihi mdogo. Agosti, Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilizima ile ya Turnitin. Chuo hicho kilieleza kuwa mwaka 2022 kiliwasilisha kazi 75,000 kwa Turnitin. Kosa la asilimia moja tu lingewatia hatiani isivyo haki waandishi wa kazi zipatazo 750.

4.0 Athari kwa Afrika Mashariki

Wanafunzi wengi wa Tanzania na Kenya huandika tasnifu kwa Kiingereza, ambacho kwao ni lugha ya pili au ya tatu. Hao ndio walio karibu zaidi na hatari hiyo. Kuhusu tasnifu za Kiswahili, jaribio la Stanford halikuzigusa. Kwa hiyo, kosa la programu hizo katika lugha yetu haliwezi kukadiriwa kutokana nalo.

5.0 Hitimisho

Tunapendekeza kwamba alama ya programu isihesabiwe kamwe kuwa ushahidi unaojitosheleza. Mwanafunzi atakiwe kutunza rasimu zake, na panapozuka shaka ahojiwe ana kwa ana juu ya hoja zake. Inaweza kudaiwa kuwa mahojiano huchukua muda mwingi. Ni kweli, lakini utetezi wa tasnifu ni desturi yetu ya siku nyingi, na mahojiano haya yatawahusu wachache tu wanaoshukiwa. Muda huo ni gharama ndogo kuliko shahada iliyopotezwa na asiye na hatia.