Ng'ombe wametupa mimba, nami nina homa: je, ni mgunda?

SWALI: Daktari, mimi ni mfugaji hapa Bariadi. Msimu huu wa mvua ng'ombe wangu wawili wametupa mimba zikiwa kubwa. Wa pili nilimsaidia mwenyewe kumtoa ndama kwa mikono. Baada ya kama wiki moja na nusu nikashikwa na homa, kichwa kikaniuma sana, na misuli ya miguu ikauma hadi kutembea ikawa taabu. Kipimo hakikuonyesha malaria, nikapewa dawa za taifodi. Jirani anasema ni homa ya mgunda, niue panya ndani. Ng'ombe wanahusika vipi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Kama homa bado ipo, acha gazeti hili na urudi kituo cha afya leo. Ukiona macho yamekuwa ya manjano, mkojo umepungua au umekuwa mweusi, damu inatoka puani, au pumzi inabana, omba upelekwe hospitali bila kusubiri kesho.

Jirani yako huenda amepatia jina la ugonjwa. Ila panya si wa kwanza ninayemshuku kwenye boma lako.

Watanzania wengi walisikia mgunda kwa mara ya kwanza Julai 2022, watu walipougua Ruangwa mkoani Lindi, wakiwa na homa, uchovu na kutokwa damu puani. Wizara ya Afya ilipotangaza kwamba ni mgunda, wagonjwa waliojulikana walikuwa 20 na watatu walikuwa wamefariki. Tangu hapo ukitaja mgunda, mtu anafikiria panya. Ni kweli panya hubeba bakteria huyu, aitwaye leptospira, lakini ng'ombe naye humbeba, na kwa mfugaji ng'ombe ndiye aliye karibu zaidi. Utafiti wa kaskazini mwa nchi, uliochapishwa 2018, ulichunguza figo za mifugo iliyochinjwa Moshi: takriban ng'ombe 7 katika kila 100 walikuwa na bakteria huyo. Panya walionaswa katika utafiti huohuo hakukutwa naye hata mmoja. Huko Katavi na Rukwa, ambako Wasukuma wengi wamehamia na mifugo yao, vipimo vya damu vilionyesha kuwa karibu theluthi moja ya watu, na ng'ombe kwa kiwango hichohicho, walishawahi kuambukizwa.

Bakteria huyu hukaa kwenye figo na kutoka na mkojo. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima, anakula, anavuta jembe, huku akimwaga vijidudu kwa miezi. Vijidudu hivyo hufa kwa jua na ukavu, lakini kwenye maji na tope huishi kwa wiki nyingi. Sasa fikiria jaruba la mpunga: maksai wanalima na kukojoa humohumo, nyuma yao mtu anakanyaga peku na miguu yenye michubuko. Fikiria lambo moja linalonywesha mifugo ya kijiji kizima, ambamo watoto wanaoga na akina mama wanachota. Hapo ng'ombe huambukizana, na hapo binadamu huingia. Njia nyingine ni dume la kuazima, na ng'ombe mgeni kutoka mnadani anayechanganywa na wenzake siku hiyohiyo.

Kondo la nyuma na majimaji ya mimba iliyotupwa ni hatari vilevile, na ndiyo maana maelezo yako yamenishtua. Dalili kwa kawaida huanza siku 5 hadi 14 baada ya kuambukizwa. Hesabu yako inaingia humo.

Hata hivyo sikupimi kwa barua. Ng'ombe hutupa mimba pia kwa brusela na kwa homa ya Bonde la Ufa, nazo humpata binadamu. Mwite afisa mifugo achukue sampuli kabla hujamchoma mnyama sindano yoyote. Mimba iliyotupwa usiwape mbwa. Izike kwa kina, ukiwa umevaa glovu. Maziwa yachemshwe. Waliotupa mimba watenge, wasinyweshwe lambo moja na wengine. Jarubani vaa gambuti, na kidonda kifunike kabla ya kuingia majini.

Kinachoniumiza ni kwamba mgunda unatibika kwa dawa za kawaida, doksisaiklini au amoksilini, zikianza mapema na kwa maelekezo ya daktari, lakini wagonjwa wengi hupewa jina jingine. Katika hospitali mbili za Moshi, wagonjwa wa homa waliolazwa 2007 na 2008 walifuatiliwa: zaidi ya nusu waliandikiwa malaria, na malaria yenyewe ilithibitika kwa chini ya 2 katika kila 100. Mgunda ulithibitika kwa karibu 9 katika kila 100 ya waliopimwa ugonjwa huo. Sidhani mkoa wako wa Simiyu, wenye mifugo yote hii, una nafuu.

Mhudumu hawezi kufikiria asichoambiwa. Kwa hiyo ukiingia chumba cha daktari, hata usipoulizwa, sema: "Mimi ni mfugaji, ng'ombe wangu wametupa mimba, na nimewashika kwa mikono mitupu."