Nywele za Kahawia Zisigeuke Shaba

Mteja huomba kahawia ya chokoleti na hutoka saluni nayo, baridi na yenye kina. Wiki chache baadaye, kiangazi kikiwa kimekaza na vumbi la mji wetu wa Kolwezi limetanda, kichwa kina wekundu wa kutu, na lawama zote zinamwangukia msusi. Pengine anastahili. Lakini mara nyingi wekundu huo haukuletwa na mtu yeyote: ulikuwa ndani ya unywele tangu mwanzo.

Nywele nyeusi zina melanini ya aina mbili, moja ya kahawia iliyokolea kuelekea weusi, nyingine ya nyekundu na manjano. Dawa ya kufungua rangi huimaliza ile nyeusi mapema, ile nyekundu ikabaki inakaidi. Ndiyo sababu unywele mweusi ukifunguliwa hupitia kahawia, kisha wekundu, kisha rangi ya chungwa, ndipo ufike manjano. Rangi ya dukani huufunika msingi huo kwa muda tu. Ikianza kuchujuka, msingi unajitokeza.

Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kufungua kidogo iwezekanavyo. Kama nywele zako ni nyeusi za asili na unataka kahawia nzito, oksidanti ya voliumu 20, yaani peroksaidi ya asilimia 6, inatosha. Kama zimekwisha kupakwa rangi na unataka kuzitia giza au kuzirudishia ubaridi, voliumu 10 (asilimia 3) ni nyingi tayari. Ukiambiwa kwamba voliumu 40 ndiyo “inashika,” simama utoke. Hiyo ni asilimia 12: itakuachia chungwa la kupambana nalo miezi mingi, pamoja na ncha zinazokatika.

Kisha soma namba za boksi, usitazame picha ya yule dada anayetabasamu. Tarakimu iliyo kabla ya nukta ni kina cha rangi: 1 ni nyeusi, 10 ni blondi iliyopauka. Inayofuata nukta ni mwelekeo wake. Kwenye boksi nyingi za Ulaya zenye maandishi ya Kifaransa, .1 ni majivu, .3 ni dhahabu, na .4, utadhani waliufikiria mkoa wetu wa machimbo, ni shaba. Anayekimbia wekundu achukue 4.1, aiache 4.4 na hata 4.3. Kampuni hazifuati zote mpango mmoja, basi hakikisha neno *cendré*, yaani majivu, limeandikwa pale.

Sasa maji. Kabla ya kulaumu rangi, angalia beseni jeupe au sinki ambalo bomba lako hudondokea kila siku. Doa la samawati-kijani ni dalili ya shaba, mara nyingi kutoka kwenye mabomba yenyewe. Doa la kahawia ni chuma, na maji ya visima virefu huwa nacho. Chuma huzipa nywele wekundu uliofifia. Shaba ina hatari nyingine: ikinasa ndani ya unywele, siku ya kupaka rangi huichochea peroksaidi ifanye kazi kwa fujo, na unywele huharibika kutoka ndani.

Vumbi nalo si la kupuuzwa. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha kazi yao juu ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti hadi chini ya nyumba zao. Walikuta metali kwa wingi katika vumbi na katika miili ya wakazi, watoto wakiwa mbele. Kando ya jambo hilo habari ya nywele ni ndogo sana, najua. Hata hivyo, anayeishi karibu na machimbo au barabara ya malori ya madini ana sababu mbili za kufunga kitambaa kichwani na kuosha kichwa kabla ya kulala.

Kipimo cha metali ni rahisi. Kata kishungi kidogo mahali pasipoonekana. Katika glasi, kamwe si chombo cha chuma, weka mililita 20 za peroksaidi ya voliumu 20 na matone 20 ya amonia, ukiwa mahali penye hewa. Tumbukiza kishungi kwa nusu saa. Mchanganyiko ukipata joto, ukitoa povu kali au unywele ukibadilika rangi ghafla, usipake chochote chenye oksidanti. Tafuta kwanza shampuu ya kuondoa madini, ambayo orodha yake ya viungo ina herufi EDTA, uitumie mara kadhaa, halafu upime tena. Masika yakiwa yamekolea, maji ya mvua ni mazuri kwa suuza ya mwisho. Mvua za kwanza ziache zioshe mabati.

Jua halihitaji maneno mengi. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jua la kiangazi linachuja rangi kweli kweli. Limau, ambalo wengine hupaka eti lizime wekundu, likikutana na jua huufungua unywele zaidi. Pasi ya moto nayo isizidi nyuzi 180.

Wekundu ukishatokea, tazama ni upi, kwa sababu kila mmoja una mpinzani wake. Chungwa huzimwa na buluu, wekundu halisi na kijani, manjano na zambarau. Shampuu ya zambarau inayosifiwa kila mahali ni ya blondi. Kwenye kahawia iliyogeuka chungwa haifanyi kitu cha maana. Tafuta ya buluu, iache dakika tatu hadi tano, mara moja kwa wiki. Lakini kama una michirizi iliyofika manjano, usiwekee buluu hapo: utapata kijani.

Shampuu isipotosha, pakaa rangi isiyo na amonia, ya kina kilekile au ngazi moja chini, yenye majivu, kwa voliumu 10. Kahawia ya 5 iliyogeuka chungwa hupewa 5.1 au 4.1. Wekundu mzito wa ngazi ya 3 au 4 unataka mwelekeo wa kijani, ambao kampuni kadhaa huuandika .7. Anzia katikati, ncha ziwe za mwisho, maana ncha zilizokauka hunywa rangi haraka na kuwa na weusi wa matope. Futa kishungi kwa taulo kila dakika tano uone. Jaribu dawa nyuma ya sikio saa 48 kabla, na aliyetia defrisanti, dawa ya kunyoosha nywele, asubiri wiki mbili.

Peruki za nywele za binadamu zina kisa chao. Nyingi zilifunguliwa kiwandani kisha zikatiwa weusi, na weusi huo ukichujuka hubaki kahawia yenye kutu. Hapa epuka oksidanti kabisa. Rangi ya moja kwa moja, isiyochanganywa na kitu, inatosha, kwa maji ya vuguvugu. Maji ya Javel hayafai kwa kazi yoyote ya nywele, yanayeyusha protini ya unywele. Vifundo vya lasi vilivyofunguliwa vikabaki na chungwa, vipitishie shampuu ya buluu kwa brashi ya meno, dakika mbili tatu, bila kugusa mizizi ya nywele zenyewe. Peruki ya plastiki haishiki rangi hizi hata kidogo. Ikigeuka, nunua nyingine.