Mboga za Mwisho wa Mvua: Namna ya Kulinda Karotini katika Majani Makavu

Katika nyanda kame za kati ya Tanzania, hususan mikoa ya Dodoma na Singida, mvua hunyesha kwa msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Mvua inapokoma, bustani za nyumbani nazo hufikia ukingoni: mchicha hutoa mbegu, kunde hukomaa, na mlenda hunyauka. Miezi sita au zaidi hupita kabla ya mboga mbichi kupatikana tena kwa wingi. Ndiyo sababu wakazi wa huko, Wagogo wakiwa miongoni mwao, wana desturi ya tangu kale ya kukausha majani ya kunde na mlenda ili yawe kitoweo cha ugali wakati wa kiangazi.

Desturi hiyo ni ya busara. Hata hivyo, namna majani yanavyokaushwa ndiyo huamua iwapo mboga itakayoliwa mwezi Septemba itaupa mwili vitamini A, au itasaidia tu kuteremsha ugali.

Karotini ni nini?

Majani ya kijani yana rangi ya manjano iitwayo karotini, ambayo haionekani kwa kuwa imefunikwa na ukijani. Mwaka 1831 mkemia Mjerumani Heinrich Wackenroder aliitenga rangi hiyo kutoka katika karoti, na jina lake limetokana na zao hilo. Mwaka 1930 Thomas Moore wa Uingereza alionyesha kwamba mwili wa panya huigeuza karotini kuwa vitamini A. Mwili wa binadamu hufanya vivyo hivyo.

Mtoto anayekosa vitamini A hushindwa kuona vyema wakati wa magharibi. Upungufu ukizidi, kioo cha jicho huharibika na upofu huweza kufuata. Aidha, nguvu yake ya kupambana na maradhi kama surua na kuhara hupungua. Kwa kaya isiyopata maini, mayai au maziwa mara kwa mara, majani ya bustanini ni chanzo kikuu cha vitamini hiyo.

Maadui wa karotini

Jani lililochumwa halifi papo hapo. Huendelea kupumua na kutumia akiba yake, na kasi ya kupumua huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za Sentigredi joto linapopanda. Tena, ndani ya jani mna vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia. Jani likisinyaa au kupondeka, vimeng'enya hivyo huanza kuishambulia karotini.

Adui wa pili ni mwanga wa jua ukishirikiana na oksijeni ya hewani. Molekuli ya karotini ni mnyororo mrefu wenye vifungo maradufu 11 vinavyopokezana na vifungo vya kawaida. Mpangilio huo ndio unaoipa rangi yake, na ndio pia unaoifanya ivunjike kwa urahisi. Jani lililoanikwa juani likapauka na kuwa la hudhurungi limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya karotini yake.

Hapa pana jambo linalofaa kuzingatiwa. Watu wengi hudhani kwamba jua ndilo linalokausha mboga. Kwa kweli, kinachochukua maji ya jani ni hewa kavu inayopita juu yake. Jua husaidia kwa kuongeza joto tu. Hewa ya Dodoma baada ya mvua ni kavu na yenye upepo, hivyo jani hukauka vyema hata kivulini.

Utaratibu unaofaa

Majani machanga yachumwe asubuhi, kabla ya joto kupanda. Kunde zinapoanza kutoa maua, uchumaji upunguzwe, kwani majani yaliyosalia ndiyo yanayolisha mbegu.

Majani yakishaoshwa, yafukizwe kwa mvuke au yatumbukizwe katika maji yanayochemka kwa dakika mbili au tatu, kisha yaepuliwe. Joto hilo huvikomesha vimeng'enya. Sehemu ya vitamini C hupotea, lakini karotini haiyeyuki katika maji, hivyo husalia. Mvuke ni bora kuliko maji kwa sababu hupunguza upotevu huo.

Baada ya hapo, yatandazwe kwa tabaka jembamba juu ya ungo au mkeka ulioinuliwa kutoka ardhini, mahali penye kivuli na upepo, na yageuzwe mara kwa mara. Yawe tayari yanapovunjika kwa vidole. Kilo 10 za majani yenye maji asilimia 88 hutoa takriban kilo 1.3 za majani makavu yaliyobakiwa na maji asilimia 10. Yakihifadhiwa yakiwa na unyevu zaidi, huota ukungu. Chombo kiwe na mfuniko na kisipenyeze mwanga.

Wakati wa kupika, karanga zilizotwangwa au mafuta kidogo yaongezwe, kwani karotini husharabiwa na mwili pamoja na mafuta.

Jaribio jepesi

Fungu moja la majani ya kunde ligawanywe mara tatu. La kwanza lianikwe bichi juani; la pili lianikwe bichi kivulini; la tatu lifukizwe, kisha lianikwe kivulini. Yakishakauka, rangi zake zilinganishwe, na zilinganishwe tena baada ya miezi miwili. Rangi ya kijani si kipimo kamili cha karotini, lakini fungu lililopauka kuliko mengine litakuwa limeonyesha wazi kazi ya mwanga. Wanafunzi wa shule wanaweza kulifanya jaribio hili pasipo kifaa chochote cha maabara, na matokeo yake yakaonwa na wazazi wao kabla ya mavuno ya mwisho ya msimu.