Somo la Nyota: Mapigo Yanayotueleza Yaliyomo Ndani

Ndugu wanafunzi, katika somo hili tutaona jinsi wataalamu wanavyojua mzunguko wa nyota, hata ndani yake kusikoonekana.

Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa na Waitalia kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Kazi yake ilikuwa kupima miale ya eksirei kutoka angani, kwani hewa ya dunia huizuia isitufikie. Mwaka 1971 ikagundulika kuwa nyota iitwayo Cen X-3 hutoa mapigo ya miale hiyo kila baada ya sekunde 4.8.

Kwa nini mapigo? Tuchukue mfano wa mnara wa taa wa kuongozea meli. Taa haizimiki, inazunguka, nasi huiona kila inapotuelekea. Cen X-3 ni nyota ya nyutroni, nzito kuliko jua, lakini upana wake ni kilomita 20 hivi tu. Kila inapozunguka tunapata pigo. Tukihesabu mapigo, tumehesabu mizunguko.

Na ndani je? Tufanye jaribio hapa hapa Goba, jikoni kwetu. Zungusha mezani yai bichi na yai lililochemshwa. Yasimamishe kwa kidole, kisha ondoa kidole upesi. Lililochemshwa litatulia. Bichi litaanza tena kuzunguka, kwa sababu ute wa ndani haukusimama pamoja na ganda.

Mwaka 1969 jambo linalofanana na hilo lilionekana katika nyota nyingine ya nyutroni, iliyo katika kundinyota la Vela. Nyota hiyo huzunguka mara 11 hivi kwa sekunde, na mwendo wake hupungua kidogo kidogo. Ghafla mapigo yake yakaharakishwa. Wataalamu wanaeleza kuwa ndani mna majimaji yasiyo na msuguano, ambayo hubaki na kasi wakati ganda linapunguza mwendo, kisha huligawia ganda kasi hiyo kwa mkupuo.

Basi mwenye kutafuta elimu asitosheke na analoliona, atafute dalili.

Maswali:
1. Kwa nini miale ya eksirei ilipimwa kwa setilaiti?
2. Nyota ya Vela huzunguka mara ngapi hivi kwa dakika moja?
3. Yai bichi linafanana vipi na nyota hiyo?

Wabillahi tawfiq.