Tiketi Imeandikwa 6:00. Ni Saa Ngapi?

Wanachuo wenzangu, mwaka jana mdogo wangu alikata tiketi ya basi kwa simu, Mugumu kwenda Mwanza, awahi usajili wa chuo. Tiketi ikasema "6:00". Akafika stendi saa tano na nusu asubuhi, begi mgongoni, akijua kawahi. Kumbe basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi, hata vumbi lilishatulia. Nauli ikapotea, na siku ya mwisho ya usajili ikampita.

Msimcheke. Kwetu Serengeti, na kwa majirani Tarime, saa tunaihesabu tangu kunapokucha, sio tangu usiku wa manane. Aliyetengeneza tovuti ile alionyesha saa kama mashine inavyoitunza. Kosa ndilo hilo: kutunza muda na kuuonyesha ni kazi mbili tofauti.

Kwanza, kutunza. Kwenye seva weka muda wa UTC kwa mpangilio wa ISO 8601. Safari ile ingekuwa 2025-10-03T03:00:00Z. Mwaka, mwezi, siku. Hakuna wa kubishana kama 03/10 ni Oktoba au Machi.

Pili, kuonyesha tarehe. Tanzania tuko mbele ya UTC kwa saa 3 mwaka mzima, lakini usijumlishe kwa mkono. Kwenye JavaScript tumia Intl.DateTimeFormat, ipe lugha 'sw-TZ', timeZone 'Africa/Dar_es_Salaam' na dateStyle 'full'. Itaandika: Ijumaa, 3 Oktoba 2025.

Tatu, saa ya Kiswahili. Hiyo inabidi uihesabu mwenyewe. Chukua saa ya mfumo wa 24, ongeza 6, gawanya kwa 12, bakisha baki:

(saa + 6) % 12

Baki likiwa 0, andika 12. Kwa hiyo 6:00 ni saa 12 asubuhi, na 13:00 ni saa 7 mchana. Neno la asubuhi, mchana, jioni au usiku usiliache kamwe.

Na basi la 00:30 Jumamosi? Andika "saa 6:30 usiku, Ijumaa kuamkia Jumamosi", abiria asije akafika usiku unaofuata.

Kabla hujaiweka tovuti hewani, mwonyeshe mama anayeuza ndizi stendi, umuulize: "Mama, basi hili linaondoka saa ngapi?" Akijibu tofauti na ulivyokusudia, usimsahihishe yeye. Rudi ukasahihishe programu yako.