SOMO LA MKULIMA: Mgomba, Mizani na Hati ya Shamba

Keumbu, iliyo kando ya barabara ya Kisii kwenda Keroka, inajulikana mbali kwa ndizi zake. Malori hupakia hapa mikungu inayouzwa Nairobi na miji mingine. Nyuma ya mkungu unaopakiwa, mara nyingi kuna mwanamke aliyepalilia, akapunguza machipukizi na kuubeba mgongoni hadi barabarani.

Mgomba si zao la msimu mmoja. Mche huchukua takriban mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kutoa mkungu wa kwanza, kisha shina hilo huendelea kuzaa kwa miaka. Mkulima wa ndizi kwa hivyo hupanga mambo ya miaka mingi. Mwanamke asiye na uhakika kama shamba litabaki mikononi mwake mwaka ujao hawezi kupanga hivyo. Ndiyo maana somo hili linaanza na mgomba, linapita kwa mizani na kuishia kwa hati.

1. Linda mgomba

Mnyauko wa bakteria ulionekana Uganda mwaka 2001 na kufika magharibi mwa Kenya mwaka 2006. Hadi sasa hauna dawa ya kuponya mgomba ulioambukizwa. Dalili zake ni majani kugeuka manjano na kunyauka, ndizi kuiva kabla ya wakati, na usaha wa manjano kutoka shina linapokatwa.

Ugonjwa huu huenezwa na wadudu wanaotua kwenye ua la mgomba, panga lisilosafishwa na machipukizi yaliyotoka shamba lenye ugonjwa. Mkulima anashauriwa:

- Kuvunja ua la mwisho wa mkungu kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, mara tu chana ya mwisho inapojitokeza.
- Kupitisha panga motoni au kulisafisha kwa Jik kabla ya kuhamia mgomba mwingine.
- Kupanda miche safi kutoka kwa mzalishaji anayeaminika.
- Kumwita afisa wa kilimo wa wadi mara dalili zinapoonekana.

Usitegemee ndizi peke yake. Chinsaga na rinagu huvunwa baada ya wiki chache tu, na pesa zake hununua sabuni na chumvi wakati mkungu bado unakomaa.

2. Linda bei

Broka anayefika bomani hukadiria mkungu kwa macho. Chukulia mkungu una kilo 25, naye atoe shilingi 300. Hapo amelipa shilingi 12 kwa kila kilo. Bila mizani, mama hawezi kuijua hesabu hiyo, sembuse kuipinga.

Kikundi kinaweza kuchanga na kununua mizani moja, kikakusanya mikungu mahali pamoja na kuafikiana bei ya kilo kabla lori halijafika. Jambo hili si geni kwa Abagusii. Akina mama wamelimiana mashamba kwa zamu katika egesangio tangu enzi za mabibi zao. Kinachoongezwa sasa ni kuuza pamoja na kuandika hesabu.

Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinahitaji angalau watu 10, katiba na viongozi, nacho husajiliwa kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Kikundi kilichosajiliwa kinaweza kufungua akaunti ya benki na kuomba mkopo, ukiwemo ule wa Hazina ya Wanawake iliyoanzishwa mwaka 2007.

3. Linda shamba

Hapa ndipo wengi huumia. Mume akifariki, migomba ya miaka kumi inaweza kuwa mali ya mwingine kwa mkutano mmoja wa ukoo. Sheria hairuhusu hivyo.

Katiba ya 2010 inataka ubaguzi wa kijinsia uondolewe katika sheria, mila na desturi za ardhi. Mila inayokwenda kinyume na Katiba ni batili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataja kazi ya shambani kuwa mchango katika mali ya ndoa, pamoja na kazi za nyumbani na malezi ya watoto. Kwa hivyo jembe la mama linahesabiwa hata kama hakutoa pesa za kununua shamba. Sheria hiyo pia inakataza mali ya ndoa kuuzwa, kukodishwa au kuwekwa rehani bila idhini ya mume na mke.

Mwenye mke mmoja akifariki bila wosia, mjane mwenye watoto ana haki ya kulitumia shamba katika maisha yake. Baadaye watoto hugawana sawa, wa kike kwa wa kiume. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufani mjini Eldoret ilikataa hoja kwamba mabinti wapewe ardhi kidogo kwa sababu huenda wakaolewa.

Lakini haki isiyo na karatasi ni ngumu kuitetea. Hatua za kuchukua ni hizi:

- Tafuta rekodi ya shamba katika ofisi ya ardhi mjini Kisii. Mashamba mengi bado yako kwa jina la babu.
- Sajili ndoa. Ndoa ya kimila pia husajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014.
- Mume akifariki, chukua barua ya chifu inayotaja warithi wote, mabinti wakiwemo, kisha ufungue kesi ya mirathi mahakamani bila kuchelewa. Kuuza au kugawa mali ya marehemu kabla ya idhini ya mahakama ni kosa la jinai.

Mzee wa boma naye ana sehemu yake. Kuketi na mkewe na watoto wakati yuko hai, na kuandika wosia, huwaepushia kesi ambayo ingemeza bei ya mikungu ya miaka.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Mikungu ya wiki iliyopita iliuzwa shilingi ngapi kwa kilo?
2. Nani kikundini husafisha panga kabla ya kuingia shamba la jirani?
3. Shamba unalolima liko kwa jina la nani?
4. Iwapo jibu la swali la tatu halijulikani, nani ataandamana na mwenzake hadi ofisi ya ardhi, na siku gani?